Flipflopi: kandambili ni vazi, plastiki ndiyo mwili

Ukiliona jahazi la Flipflopi likielea, jicho hunaswa na rangi: samawati, waridi, manjano, viraka vya kandambili kutoka omo hadi tezi. Hapo ndipo wengi hulisoma vibaya. Kandambili ni vazi tu. Kinachobeba mzigo kiko chini yake.

Jahazi hilo la mita 9 hivi liliundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda, likashushwa majini Septemba 2018. Lilimeza takribani tani 10 za taka za plastiki na kandambili zipatazo 30,000.

Plastiki ilisagwa, ikayeyushwa, ikatolewa kwa umbo la maboriti na mbao. Kuanzia hapo mafundi walishika njia ya wazee wao: mkuku, mataruma, mbao za ubavuni. Ila malighafi hii ina tabia zake. Haiozi, lakini haina nyuzi kama mti. Ubao wake hupinda kwa uzito ambao mbao ngumu ya unene uleule haiujali, na jua likiwaka hutanuka. Ulaini hufidiwa kwa unene, na unene huleta uzito. Hata msumeno una adabu yake: ukiuendesha kasi, unga huyeyuka na kunata menoni.

Kandambili nazo ni sponji, hazitoi boriti. Zilikatwa, zikaunganishwa, zikabandikwa juu ya mbao. Kiuhandisi hazina kazi kubwa. Kisanaa ndizo zinazosema, maana hakuna mtu wa pwani asiyewahi kuzivaa, na mtazamaji huona kiatu chake mwenyewe.

Mapema mwaka 2019, msimu wa kaskazi, Flipflopi ilitweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500 hivi, ikitia nanga njiani katika miji ya pwani. Hapa ndipo ninapoona ufundi wake mkubwa. Sanamu ya taka hutazamwa, watu wakapita. Chombo hukaguliwa: baharia hugonga ubavu, huuliza kama unavuja, hutaka kujua kama kitahimili mawimbi. Jibu lilikuwa mbele yake, limefika kwa tanga.

Tani 10 hazisafishi bahari. Lakini kitu kinachoweza kuwa mkuku wa jahazi hakikustahili kutumika mara moja na kutupwa. Hoja hiyo Flipflopi imeijenga vizuri kuliko bango lolote.