DUKW Haikuundwa Ing'ae

Mliotazama video ya DUKW ile, lori la amfibia la Vita vya Pili vya Dunia, ikiteremka mchangani Normandy mwezi Juni mliona nilichokiona: jua lilipiga boneti likarudi machoni. Gari la vita liling'aa kama gari la bibi harusi. Waliolikarabati walilipaka kijani kizito chenye mng'ao wa wastani, aina iliyoingia katika jeshi la Marekani baada ya vita, halafu wakapuliza vanishi juu yake. Wamekosea, na kosa si dogo, kwa sababu rangi ndiyo inayomfikia mtazamaji kabla ya kitu kingine chochote.

Mengine wameyafanya vizuri: mitambo haina dosari, pampu zinatoa maji, upepo wa matairi unapunguzwa dereva akiwa kwenye kiti chake, na namba ya jeshi la Uingereza inayoanza na P, herufi ya magari ya amfibia, imeandikwa inavyotakiwa.

Turudi kwenye vanishi. Miaka ya 1930 magari ya jeshi la Marekani yalipakwa rangi inayong'aa. Vita vilipokaribia, agizo likabadilika: Olive Drab isiyong'aa hata kidogo, maana rubani aliye juu huona mmweko wa boneti kabla hajaliona gari lenyewe. Rangi hiyo haikuwa kijani cha majani. Msingi wake ulikuwa udongo wa manjano uliochanganywa na rangi nyeusi. Jicho huuona mchanganyiko huo kama kijani, lakini ukiweka bati lake karibu na majani mabichi, ukahawia unajitokeza mara moja. Waliochagua kijani cha baada ya vita waliikosea rangi yenyewe kwanza, kisha wakaikosea mara ya pili kwa kuing'arisha.

Najua utetezi wa kwanza, kwamba video hudanganya. Kamera inaweza kupotosha rangi, lakini haiwezi kuzua mng'ao pasipo na mng'ao. Utetezi wa pili ni kwamba gari ni la Waingereza, kwa hiyo kanuni za Marekani hazilihusu. DUKW zilifika Uingereza zikiwa zimeshapakwa kiwandani Marekani, na mwaka 1944 Waingereza wenyewe waliingia kwenye SCC 15, rangi iliyochaguliwa ili ikaribiane na ile ya Wamarekani. Nayo haikuwa na mng'ao. Upande wowote utakaoshika, vanishi haina pa kusimama.

Utetezi wa tatu ndio unaostahili jibu refu: maji ya chumvi hula bati. Ni kweli, yanakula. Lakini kinachozuia kutu ni kazi iliyofanyika chini: bati lililosafishwa mpaka likawa tupu, praima nzuri, maungio yaliyozibwa, na kuosha gari kwa maji baridi kila linapotoka baharini. Ukiwa na praima mbovu, vanishi itaficha kutu mpaka siku bati litakapotoboka. Zaidi ya DUKW 21,000 ziliundwa, na zile zilizoshuka Sicily Julai 1943 ziliingia na kutoka baharini zikibeba mizigo bila mtu kuzipaka vanishi. Zilichakaa, ndiyo. Rangi ilipauka ikawa kama unga, wanajeshi wakapaka upya kwa brashi palipobanduka. Sura hiyo ndiyo iliyobebwa na DUKW vitani, na ndiyo waliyoifuta wakarabati hawa. Baya zaidi, wakitaka kusahihisha sasa, nyota nyeupe ya Washirika na namba zote zitaondoka pamoja na vanishi.

Nyota nayo imeteseka. Duara liliongezwa kuizunguka mwaka 1943 kwa sababu kwa mbali nyota nyeupe tupu ilidhaniwa kuwa msalaba wa Wajerumani. Lilipakwa kwa stensili, na stensili huacha mapengo pale inaposhikana. Baadhi ya askari waliyaziba kwa brashi, wengine wakayaacha. Wakarabati hawa wamebandika utepe na kutoa duara lenye kingo kali, weupe wake ukiwa safi kuliko wa karatasi.

Kizazi cha Bart Vanderveen, aliyehariri jarida la magari ya kijeshi la Wheels & Tracks, kilianza na picha za wakati wa vita: gari liko wapi, mwaka gani, la kikosi gani, alama iko upande upi. Brashi ilikuja mwisho. Leo watu wanaiga ukarabati wa wenzao, na kosa la mmoja linazaa makosa ya kumi. Nimeshasema hivi kuhusu Schwimmwagen, gari la amfibia la Wajerumani, na nitaendelea kusema. Amri ya jeshi lao ya Februari 1943 ilileta manjano iliyokolea kutoka kiwandani, huku kahawia na kijani vikipelekwa kwa askari kama uji mzito kwenye makopo, wauzimue kwa maji au petroli na kujipakia. Kila kikosi kilipaka kivyake. Mbona basi Schwimmwagen zote za maonyesho zina mawimbi yaleyale, kana kwamba zimetoka kwa mpakaji mmoja?

Na mbona kila DUKW lazima iwe ya Normandy? Zilifanya kazi Burma pia, katika vita ambavyo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944 ikiwa na alama ya kichwa cha kifaru. Uwanja huo wa vita wakarabati wameutupa.

Ombi langu ni kwa wenye DUKW hiyo, na kwa yeyote mwenye Ford GPA, jipu la amfibia la Marekani, au Schwimmwagen gerejini inayosubiri rangi. Kabla hujanunua kopo, tafuta mahali ambapo jua halijafika, nyuma ya dashibodi au chini ya kishikizo cha betri. Sugua kwa msasa laini wenye maji, tabaka baada ya tabaka, mpaka uikute ya kiwandani. Hiyo ndiyo ya kumpelekea mchanganya rangi, na mwambie asiweke mng'ao.