Mtaro, Mfereji na Handaki

Wafasiri wengi wanapokutana na neno la Kiingereza "ditch" huandika "mtaro" wakaendelea na kazi. Desturi hii yafaa iangaliwe upya, maana hata kwao Waingereza neno lenyewe si nyoofu. Chanzo chake ni kimoja na cha "dike", ambalo leo ni tuta la kuzuia maji. Si ajabu: achimbaye huutupa udongo kando, na papo hapo amepata tuta.

Katika Kiswahili kinachoyatenga maneno haya ni kazi zaidi kuliko umbo. Mtaro huondoa maji yasiyotakiwa. Mfereji huyaleta yanayotakiwa. Kwa hiyo ule wa kumwagilia migomba, ambao Wachaga huuita mfongo, kuuita mtaro ni kuuvunjia heshima. Handaki halina haja ya maji. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi. Na Waislamu hukumbuka vita vya Handaki vya mwaka 627, pale Salman, naye Mwajemi, alipotoa shauri la kuukinga mji wa Madina kwa handaki. Mwanakijiji akiagizwa achimbe handaki kando ya barabara, ana haki ya kuuliza adui yuko wapi.

Mfereji nao una hatari yake. Unguja na Mombasa "maji ya mfereji" ni yale ambayo bara huitwa maji ya bomba. Sheria ndogo ikisema "Ni marufuku kufua nguo mferejini", mkazi wa Unguja ataelewa jambo moja na mkulima wa Moshi jingine, na wote wawili watakuwa sahihi. Atozwe faini nani? Mwandishi wa sheria na aandike "mfereji wa kumwagilia" au "mtaro wa maji ya mvua", hata kama sentensi itarefuka.

Waingereza hulifanya neno hilo kitenzi pia. Kwa aliyemwacha mchumba tunalo "kutelekeza", nalo latosha. Lakini karibu na Ngazija, tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta, rubani akajaribu kuishusha baharini. Kati ya watu 175 walikufa 125. Huyo hakuitelekeza ndege. Kadi ya usalama ikiandika "kuitupa ndege", humpotosha abiria saa ambayo hana nafasi ya kuuliza. Iandikwe "kutua majini kwa dharura".