Uso wa Chungu, Uso wa Mtu

Mama wa kijiji cha Ngonga akitaka kununua chungu, haridhiki kwa kukitazama tu. Hukipakata, akapitisha kiganja kutoka mdomoni hadi kitakoni, akakizungusha, akakigonga kwa kidole na kusikiliza. Kimetoka Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, kwa wanawake wa Kikisi wanaofinyanga udongo juu ya kigae kinachozungushwa kwa mkono, kikaletwa Matema kwa mtumbwi. Aliyekifinyanga alikijua kwa vidole. Anayekinunua naye anakijua kwa vidole.

Kiswahili kinaita uso sehemu ya juu ya ziwa, upande wa nje wa chungu, na pale mtu anapotambulikana. Ndiyo maana naistahi kazi ya skana inayopima umbo la kitu: nayo inapapasa uso, ila kidole chake ni mwanga.

Namna mojawapo ni hii. Taa huchora mistari iliyonyooka juu ya chungu. Ukutani mistari hiyo ingebaki imenyooka. Kwenye tumbo la chungu inapinda. Kamera iliyowekwa kando huuona mpindo, na kwa kuwa umbali wake na taa unajulikana, mpindo hugeuzwa kuwa kina. Lakini mgongo wa chungu bado haujaonekana. Fundi hukizungusha kidogo, akapima, akazungusha tena, kama alivyofanya mfinyanzi, kisha akaviunganisha vipande vya vipimo hivyo hadi vikae bila pengo. Kwanza hupatikana nukta tupu, hata mamilioni, ambazo huunganishwa tatutatu zikawa wavu. Mvuvi wa Ziwa Nyasa ataelewa upesi: wavu wa mbasa mkubwa haushiki usipa mdogo. Matundu yakiwa makubwa, alama ya ukucha iliyobaki kwenye udongo hupita na kupotea. Tena chungu kilichosuguliwa kikang'aa huurudisha mwanga upande mmoja kama kioo, na chenye masizi huumeza, hivyo fundi hukipaka unga mwepesi kabla ya kuanza.

Subira ya namna hii imeitumikia Laetoli, kule Ngorongoro. Nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu za miaka milioni 3.6, zilizogunduliwa mwaka 1978 na kikosi cha Mary Leakey, zilifukiwa tena ili zisiharibike, lakini miti ikaota juu yake. Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa Idara ya Mambo ya Kale na wa Taasisi ya Getty walizifukua, wakaiondoa mizizi, wakazipima kwa picha za pembe mbalimbali, wakazifukia upya. Zimelala gizani, na bado mtafiti anaweza kupima kisigino kilizama kiasi gani.

Uso wa mtu ni mgumu zaidi, kwa kuwa unacheka, unakonda, unazeeka. Simu ya iPhone X ya mwaka 2017 huutupia nukta zaidi ya 30,000 za mwanga usioonekana kwa macho, ikasoma mwinuko wa pua na bonde la macho. Picha ya karatasi, isiyo na kina, haiidanganyi kirahisi. Hata hivyo kupima uso ni kitu kimoja, kuujua ni kingine. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walijaribu programu tatu zinazobashiri jinsia kwa picha. Kwa wanaume weupe hakuna iliyokosea zaidi ya asilimia 0.8, kwa wanawake weusi mojawapo ilikosea kwa asilimia 34.7. Picha zilizotumika kuzifunza na kuzipima programu za aina hiyo zilikuwa na nyuso chache mno za wanawake kama hao.

Kiganja cha mama wa Ngonga kilijifunza kwa vyungu vingi, vizuri na vyenye ufa, kabla hajakiamini kimoja. Namtakia mashine iliyofunzwa hivyohivyo, ili siku itakapouelekea uso wake, iwe imekwisha kuonana na wengi wa kwao.