Kidato Kina Kimo, Sifuri Yake Iko Wapi?

Maji yakipwa siku za bamvua, tembea chini ya genge la matumbawe la pwani ya Mombasa ukiutazama ukuta wake. Chini kabisa bahari imelila jabali hadi sehemu ya juu imebaki inaning'inia kama upenu wa nyumba. Kwenye ukuta wenyewe utaona matumbawe yaliyokufa yakiwa yamesimama vilevile yalivyoota: vichwa vya mviringo, na vishimo vidogo unavyoweza kuvipapasa kwa ncha ya kidole. Tumbawe haliishi hewani. Basi ama ardhi ilipanda, ama bahari ilishuka.

Jabali hili, ambalo Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu juu yake mwaka 1593, wanajiolojia hulihusisha na kipindi cha joto cha miaka kama 125,000 iliyopita. Barafu ya dunia ilikuwa imepungua, na bahari ilisimama takriban mita 6 hadi 9 juu ya ilivyo leo. Sehemu kubwa ya jabali la ufukweni iko mita chache tu juu ya maji. Ukitoa kimo cha bahari ya wakati ule, hakibaki kitu cha kutajika. Hapa ardhi imetulia. Bahari ndiyo iliyoondoka.

Sasa nenda Rasi ya Huon, Papua New Guinea. Matumbawe ya umri uleule yako mlimani, mamia ya mita juu ya mawimbi. Chini yake na juu yake kuna vidato vingine, zaidi ya 20, vimepangana kama ngazi ya jengo kubwa. Kila kidato kilikuwa mwamba hai wa ufukweni, kisha ardhi ikakiinua na bahari ikaanza kujenga kingine chini yake. Watu waliwahi kuishi juu ya ngazi hiyo: kwenye kidato kimoja yamepatikana mashoka ya mawe yenye miaka isiyopungua 40,000.

Hesabu ya kasi ya kuinuka ni fupi. Chukua kimo cha kidato leo, toa kimo cha bahari wakati kinajengwa, gawanya kwa umri. Kimo unakipima kwa vyombo vya wapima ardhi, umri unatoka maabara. Kazi ngumu iko katikati, kwenye ile sifuri ya zamani, yaani kimo cha bahari ya wakati ule, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Tufanye mfano wa kubuni. Kidato kiko mita 80 juu, matumbawe yake yana miaka 52,000. Ukisahau bahari, utapata kama milimita 1.5 kwa mwaka. Lakini zilikuwa zama za barafu. Tuseme bahari ilikuwa mita 60 chini ya ilivyo leo: kidato kimepanda mita 140, si 80, na kasi inakuwa karibu milimita 2.7. Jiwe ni lilelile na umri ni uleule, ila jibu limekaribia kuwa mara mbili. Kwa kidato cha miaka 125,000 kilicho mita 300 juu, kusahau mita 6 za bahari hakubadilishi mengi. Ndiyo maana kidato cha umri huo hutangulizwa katika kupima, na vile vya zama za barafu hufuata baadaye kwa uangalifu.

Hata umri wenyewe haupatikani kwa kuokota jiwe lolote. Tumbawe hai huchukua urani kidogo kutoka maji ya bahari, karibu sehemu 3 kwa milioni, lakini thori karibu halina kabisa. Miaka inavyopita, urani hugeuka kuwa thori kwa mwendo unaojulikana, na thori iliyokusanyika ndiyo inayosema umri, hadi takriban miaka 500,000 nyuma. Adui ni mvua. Maji matamu yakipenya, madini ya tumbawe yanayoitwa aragonaiti hugeuka kalsaiti, urani huingia na kutoka, na saa inaharibika huku jiwe likionekana zima. Kwa hiyo mtafiti huvunja mpaka kwenye moyo wa tumbawe, kipande kinapimwa kwa eksirei, na kilichogeuka kinatupwa. Naiheshimu sana kazi hiyo ya kutupa. Umri unaosomeka vizuri kwenye jedwali unasimama juu ya rundo la mawe yaliyokataliwa.

Huon palikuwa na mtego mwingine. Ili kujua ardhi imepanda kiasi gani, sharti ujue bahari ilikuwa wapi. Na watafiti walikuwa wakiitumia ngazi hiyohiyo kutafuta bahari ilikuwa wapi. John Chappell na wenzake walianza na kidato cha miaka 125,000, wakapata kasi ya kila mahali, wakachukulia kwamba haikubadilika, kisha wakakokotoa kimo cha bahari kwa vidato vingine. Kilichowasaidia ni kwamba rasi yote haipandi kwa kasi moja. Mahali pamoja ni chini ya milimita 1 kwa mwaka, pengine ni zaidi ya 3, na bahari ni moja. Sehemu zote mbili zikitoa bahari ileile, dhana inasimama. Mwaka 1986 Chappell na Nicholas Shackleton walilinganisha majibu hayo na kumbukumbu ya oksijeni iliyohifadhiwa katika magamba ya viumbe vidogo vya kilindini, ambayo hufuata kiasi cha barafu ya dunia na hivyo kimo cha bahari. Kumbukumbu hizo mbili hazikupatana vizuri. Ngazi ikapimwa upya, na mwaka 1996 zikachapishwa hesabu zilizozileta pamoja.

Mto nao hujenga vidato, ila sifuri yake inahama zaidi. Watafiti Jérôme Lavé na Jean-Philippe Avouac waliifuata mito ya Bagmati na Bakeya, kusini mwa Nepal, inapokata vilima vya Siwalik kabla ya kuingia tambarare ya Ganges. Ukingoni kuna mwamba uliosawazishwa na mto, juu yake changarawe za mviringo, na juu ya changarawe udongo laini wa mafuriko wenye vipande vya mkaa. Mkaa hupimwa kwa kaboni 14, na hata huo una hila, kwa sababu mti unaweza kuwa ulikufa zamani kabla ya mto kuuzika.

Kimo cha kidato juu ya mto wa leo kinaonyesha mto umechimba kiasi gani. Kuchimba si kuinuka. Tambarare ya chini ikijaa mchanga, mto mzima hupanda nayo. Mto ukinyooka au ukijipinda zaidi, mteremko wake hubadilika. Lavé na Avouac waliyahesabu yote hayo ndipo wakasema vilima vinapanda, mahali pengine zaidi ya milimita 10 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, miaka 100,000 ingetosha kusimamisha mlima wa mita 1,000. Siwalik ni vilima tu, kwa sababu mawe yake ni laini na mvua za monsuni zinayabomoa karibu sawa na yanavyoinuliwa. Mlima uliokosekana hapo ndio kipimo cha mmomonyoko.

Kutokana na umbo la vidato vilivyokunjwa, walikokotoa kwamba ardhi inasogeana kwenye ufa wa mbele wa Himalaya kwa takriban milimita 21 kwa mwaka. Ni wastani. Kwenye ufa kama huo ardhi hukaa imebanwa karne nzima au zaidi, kisha huruka kwa mita kadhaa siku moja. Tarehe 25 Aprili 2015, tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliua karibu watu 9,000 nchini Nepal. Mpasuko wake ulisimama chini ya ardhi upande wa Kathmandu, kabla ya kufika kwenye ufa ulio chini ya vidato vya Bagmati.