Shairi la Mada ya Siku: Namna ya Kulipima

Asubuhi hutolewa neno moja: kisima, deni, kivuko. Kufikia usiku kila aliyejiunga na zoezi awe ametunga shairi. Huko Marekani zoezi hili lilipata mwezi wake mwaka 2003, mshairi Maureen Thorson alipojipangia kutunga shairi kila siku ya Aprili, mashairi 30 kwa siku 30, na wengi wakamfuata. Kwetu, kutunga kwa kuchokozwa ni jadi kongwe zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana tungo na Zahidi Mngumi wa Lamu, na baadaye magazeti yakawa uwanja wa maswali na majibu kwa beti.

Tungo za namna hii huzaliwa kwa haraka, na haraka yenyewe si kosa. Anayeijua arudhi, yaani kanuni za utunzi, aweza kukamilisha beti tano za tarbia kwa kikao kimoja. Kwa sababu hiyo, umbo lililotimia si ushahidi wa kutosha wa ubora. Ubora umo katika yale mtunzi aliyoyakataa baada ya umbo kutimia: neno la kwanza lililomjia, kina chepesi, maana ambayo kila mtu angeifikia. Ukipewa shairi ulipime, anza hivi.

Sikio kabla ya vidole

Lisome kwa sauti kabla hujahesabu. Tarbia ya kawaida ina mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili vya mizani nane nane, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Kaluta Amri Abedi aliyaeleza haya katika *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, na wengi bado wanapimia kitabu hicho. Sikio hukwama palipopungua hata kabla ya hesabu. "Mtu" ni mizani mbili, "nchi" ni mbili, na "mwana" pia ni mbili, si tatu. Mwenye haraka hujikwaa hapo. Sikiliza pia kituo cha kati, baina ya vipande viwili. Kikitenganisha jina na sifa yake, mshororo hutweta hata kama hesabu imetimia.

Shairi lenye kasoro za vina au mizani huitwa guni, na guni hurudishwa kwa mwenyewe. Lisilo guni ndiyo kwanza limeruhusiwa kupimwa.

Viraka vya vina

Sasa tafuta maneno yaliyoletwa na kina peke yake. Jamani, hakika, wenzangu, sikieni: haya ni maneno mema mahali pake, lakini yakisimama mwishoni mwa kipande bila kazi ni viraka. Geuza ubeti uwe nathari, uuseme kama unavyozungumza na jirani. Neno litakaloona haya kubaki katika sentensi hiyo halikustahili kuwamo katika ubeti.

Angalia vilevile vina vinavyotokana na sarufi. Lugha yetu humpa mtunzi vina vya bure: *moyoni, mwilini, duniani*, au *pendana, fuatana, kutana*. Shairi lililojaa vina hivyo limeokota vilivyo karibu. Vina vilivyomo katika mzizi wa neno, kama *babu, sababu, taabu, adabu*, humdai mtunzi zaidi, na humlipa zaidi.

Inkisari (kufupisha neno) na mazida (kulirefusha) ni haki ya mshairi, ila haki hiyo itumike kwa kiasi. Ufupisho mwema hupita bila msomaji kusimama kuuliza neno lilikuwa lipi.

Mada imefikishwa wapi

Chukua neno "kisima". Rasimu ya kwanza yaweza kuanza hivi:

*Kisima kina thamani, maji yake ni matamu,*
*Hukata kiu mwilini, kwa watu wote muhimu.*

Mizani zimetimia na vina vimekaa. Hata hivyo "muhimu" inaning'inia tu, na "mwilini" haikuongeza kitu, kwani kiu haikai kwingine. Zaidi ya hayo, mishororo yote miwili inasema lile tulilolijua kabla ya kusoma. Mtunzi akilikataa hilo, akaviacha vina vyepesi, aweza kufika hapa:

*Kamba aloacha babu, leo haifiki maji.*

Mizani ni zilezile 16. Kisima hakikutajwa, lakini kipo, na maji yake yako chini kuliko zamani. Urithi umo, ukame umo, na hakuna sifa hata moja iliyotumika. "Aliyoiacha" imekuwa "aloacha" na sikio halikulalamika. La thamani zaidi ni kwamba kina cha *-bu* sasa kinamsukuma mtunzi kuelekea "sababu", na "sababu" itamlazimisha aulize maji yamekwenda wapi. Kina kibovu huficha kwamba wazo limekwisha; kina chema huzaa wazo linalofuata.

Kibwagizo na mfuatano

Kibwagizo kinachorudi kilekile kwa maana ileile ni mshororo mmoja uliolipwa mara tano. Kilicho bora hubaki na maneno yake huku maana ikihama: ubeti wa kwanza kinaarifu, wa tatu kinalaumu, wa mwisho kinaonya. Jaribu pia kubadilisha mpangilio wa beti. Ikiwa wa pili na wa nne zinaweza kubadilishana nafasi bila hasara, muwala haupo. Mtunzi amezungukia mada badala ya kusonga mbele.

Kwa mashairi huru, ambayo diwani *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi (1974) iliyapa nguvu na ubishi mwingi, uliza kwa nini mstari umekatwa pale ulipokatwa. Ukiwa huoni sababu, hiyo ni nathari iliyovunjwavunjwa.

Alama za usahihishaji

Ukibahatika kuona rasimu, linganisha mambo mawili. Usahihishaji wa juujuu hubadilisha neno kwa kisawe chake ili mizani itimie. Usahihishaji wa kweli hufuta ubeti mzima, hubadilisha vina vyote, na mara nyingi hugundua kwamba shairi lilianza ubeti wa pili. Kazi hii haifanyiki usiku uleule wa kutunga, kwa sababu sikio bado linasikia lile mtunzi alilokusudia. Aache siku kadhaa zipite, kisha alisome kama la mtu mwingine.

Mwisho, lifiche neno la siku na umpe shairi msomaji asiyelijua. Ikiwa anahitaji kuelezwa mada ndipo aelewe, hilo ni zoezi, na zoezi lina heshima yake: libaki daftarini, mshororo wake mmoja mzuri usubiri shairi jingine. Ikiwa hahitaji, na akaomba kulisoma tena, litoe kwa wasomaji, wala usitaje kwamba lilitungwa kwa siku moja.