Kinjeketile na Barabara ya Kilwa

Barabara ya Kilwa inaikata Temeke, Dar es Salaam, inaingia Mbagala, inapita Kongowe, kisha inashika njia ya Rufiji mpaka kwenye vilima vya Umatumbi. Huko ndiko vilikoanzia vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, Julai 1905, pale watu wa Nandete walipong'oa miche ya pamba kwenye shamba walilolazimishwa kulilima. Wajukuu na vitukuu wao wamejaa mitaani kwetu. Ukimwamkia mzee wa Kimatumbi au wa Kindengereko kwenye baraza ya Mbagala, huenda unamwamkia mtu ambaye babu yake aliyanywa maji yaliyoaminiwa kugeuza risasi.

Nasoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, mchepuo ambao ndugu wengi hukuuliza utakuja kula nini. Kwenye Historia, vita hivi hutujia kwa mafungu: sababu, mwanzo, matokeo. Kodi, kazi za shuruti, ukali wa maakida wa serikali ya Kijerumani. Halafu Mahenge, mwisho wa Agosti 1905, maelfu walipoliendea boma la Wajerumani na bunduki za rashasha zikawafyeka. Halafu njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Wapo wanahistoria wanaokadiria kuwa waliokufa wanafika 300,000. Haya yote ni lazima tuyajue. Lakini Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe ambaye neno lake liliunganisha makabila yasiyokuwa yakisikilizana, hupata mistari miwili tu: aligawa maji ya kugeuza risasi, akanyongwa Agosti 1905. Je, mwenyewe aliyaamini? Mtihani hauulizi.

Ebrahim Hussein aliuliza. Nilimfahamu kwanza kupitia Kwenye Ukingo wa Thim, tamthiliya yake ya 1988 iliyotokana na mzozo wa kweli wa maziko ya wakili S. M. Otieno kule Kenya. Baada ya hapo nikaitafuta Kinjeketile, aliyoitoa mwaka 1969, nikaipata kwa kuazima, nakala iliyolegea mgongo, pembeni mwake wasomaji wa miaka mingi wameandika kwa penseli. Niliimaliza usiku mmoja, na tangu hapo nimeisoma tena na tena nikitaka kuona ameifanyaje kazi ile.

Tazama anavyoanza. Hatuanzii kwenye ngoma ya vita wala kwa mganga. Tunaanza na wanawake wanaozungumza shida ya chakula nyumbani, wanaume wakiwa wamebanwa na shamba la mkoloni. Kile ambacho daftari langu la Historia linakiita sababu za kiuchumi, yeye anakiweka mdomoni mwa mama asiye na cha kupika. Tazama tena pale Kinjeketile anapozinduka na kusikia maneno aliyoyatamka mwenyewe akiwa amepagawa, kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Moyo unamwenda mbio. Kumbe ameahidi kumwondoa bwana mmoja na kumleta mwingine! Anataka watu wasubiri, waungane kwanza, wajifunze vita. Lakini neno limeshatoka, limewaingia watu, na wao hawamhitaji tena yeye. Mwisho Mjerumani anamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa, ingawa shaka imemla mpaka mfupani. Kwangu mimi, hakuna ukurasa wa tamthiliya ya Kiswahili unaoupita huo.

Shaka hiyo sijaikuta kwenye kumbukumbu yoyote. Kinjeketile wa jukwaani si Kinjikitile wa Ngarambe, na mwandishi mwenyewe ameliweka wazi. Ufundi wake ni kujua mahali pa kutunga. Pamba, kodi, njaa, mto Rufiji, vyote ameviacha vilivyo. Akaingia zaidi pale ambapo ushahidi umenyamaza, ndani ya kifua cha mtu, na kiungo alichokiweka kimekaa kama mguu wa kiti cha seremala wa Keko ulioingizwa bila msumari.

Na mbao za kazi hiyo, huenda nyingine zilitoka kwa wenzake wa Historia. Mwaka 1968, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kiliendesha utafiti wa Maji Maji, ukiongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa. Wanafunzi walirudi kwao na maswali, wakakaa na wazee, baadhi yao wakiwa wameviona vita wenyewe, wakaandika walichoambiwa. Hapo nyuma sauti kubwa ilikuwa ya Wajerumani. Gavana wao, Götzen, alikwisha kuandika kitabu chake mwaka 1909. Upande wa pili ulikuwa na watu kama Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyevitungia vita hivyo utenzi. Wanafunzi wale, vijana wa rika linalokaribiana na langu, ndio waliowapa wanakijiji nafasi ya kusikika kwa wingi.

Jirani yetu mmoja, mzee wa Kimatumbi, nilimpa shikamoo jioni moja nikamwomba anihadithie. "Marahaba, mjukuu wangu. Mbona nyie mnaanzia kwenye maji? Anzia kwenye pamba." Akanieleza, kama alivyosimuliwa na babu yake, jinsi mtu alivyoitwa kulima shamba la serikali wakati mtama wake mwenyewe unaliwa na nguruwe. Niliandika mpaka mwanga wa barazani ukawa hautoshi.

Wazee wa namna hiyo wapo Mbagala, Yombo, Tandale na Kunduchi, wengine na historia ya Maji Maji, wengine na ya mkonge, ya bandari au ya vijiji vya ujamaa. Wanafunzi wenzangu wa HKL, likizo ya Juni ikifika, chukueni daftari mkawaamkie. Andikeni jina la msimulizi, kijiji alichotoka, na nani alimsimulia. Fanyeni hivyo mwaka huu.