Redio ya Mtaa na Mabadiliko ya Vipindi

Redio ni mgeni asiyebisha hodi. Huingia jikoni, kinyozini na garini, akasema alilokusudia, na mwenye nyumba hana njia ya kumnyamazisha ila kumfunga au kugeukia kituo kingine. Kwa hiyo, swali la kama kituo kibadili mpango wa vipindi vyake si la watangazaji peke yao. Ni la wasikilizaji pia, na hasa wa redio ndogo ya mtaa, ambayo mtangazaji wake hununua unga katika duka lile lile wanunualo wamsikilizao.

Redio za namna hii si kongwe katika Kenya. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru sauti iliyosikika hewani ilikuwa ya serikali; vituo vya watu binafsi vilianza kufunguliwa katika miaka ya 1990. Mwaka 2004 Redio Mang'elete ilianza kutangaza huko Makueni kwa juhudi za vikundi vya akina mama. Mwaka 2006 Koch FM ilizaliwa Korogocho, Nairobi, studio yake ikiwa ndani ya kontena la kusafirishia mizigo, na mwaka 2007 Pamoja FM ikafuata huko Kibera. Hizi mbili zilipewa masafa yale yale, 99.9, kwa kuwa mtambo wa kila moja ulikusudiwa kufika mtaani mwake tu. Sheria iliyotiwa sahihi Januari 2009 ilivitambua vituo vya jamii kuwa kundi la peke yake, mbali na vya umma na vya biashara.

Wanaotaka mabadiliko wana hoja zisizofaa kudharauliwa. Husema kwamba vijana wamechoka na mafundisho marefu. Kwamba muziki na mzaha wa asubuhi ndivyo viletavyo wasikilizaji. Na kwamba wasikilizaji wengi huleta matangazo ya biashara, ambayo ndiyo hulipa umeme na posho za watangazaji. Hoja hii ina kweli ndani yake. Studio yenye giza haimfundishi mtu. Tena ni haki kukiri kwamba vipindi vingi vya redio za jamii havipendezi. Mtaalamu huketi mbele ya kinasa sauti, akasoma karatasi juu ya usafi wa maji kwa muda wa saa nzima, na hapana aulizaye swali. Anayetetea kipindi cha namna hiyo kwa sababu tu ni cha zamani hatetei jamii, bali hutetea mazoea.

Walakini dawa inayopendekezwa haifai ugonjwa huo. Redio ya mtaa ikiiga vituo vikubwa vya jijini, itashindana navyo katika jambo ambalo wao wana fedha, watangazaji mashuhuri na mitambo mikubwa, nayo haina. Msikilizaji ataulizaje mwigo wakati asili yenyewe iko hewani? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wa redio ya mtaa ni habari zisizopatikana penginepo: bomba lililokauka, mtoto aliyepotea, mkutano wa baraza, mazishi ya jirani na mchango unaotakiwa.

Habari hizo ndogo zina faida kubwa kuliko zionekanavyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha yao katika nchi hii. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilipotoa ripoti yake mwaka 2008, miongoni mwa mambo iliyoyaeleza ni malalamiko ya watu juu ya baadhi ya redio za lugha za makabila, kwamba zilichochea chuki. Siku zile zile Pamoja FM ilikuwa ikiwasihi watu wa Kibera wawe na amani. Sauti ya namna hiyo husikilizwa kwa nini? Naona ni kwa kuwa watu huwa wameizoea katika mambo madogo, wakaiona haidanganyi. Imani haiwezi kununuliwa siku ya hatari. Huwekwa akiba kidogo kidogo siku za salama.

Basi hukumu yangu ni hii. Kituo cha mtaa na kibadili namna ya kusema, kisibadili kile kinachosemwa. Somo la saa nzima na lifupishwe, na muuguzi ajibu maswali ya wasikilizaji kwa simu. Muziki na uongezwe, lakini nafasi ya kwanza wapewe waimbaji wa mtaa wenyewe. Tangazo la biashara na likubaliwe, ila lisichukue saa ya habari za mtaa. Na kabla kipindi chochote hakijaondolewa, wakisikilizao na waulizwe, maana kituo ni chao.

Nawe msomaji, jioni ya leo sikiliza kituo cha kwenu kwa muda wa saa moja, ukaandike kila jambo ambalo usingalilipata katika kituo kingine. Ikiwa karatasi yako itabaki tupu, ujue mabadiliko yanatakiwa kweli, wala si ya kuongeza nyimbo.